Stesheni Isiyo na Mwenyeji

Juzi nilipita tena kwenye ile stesheni ndogo kati ya Dallas na Fort Worth, nikashuka garini kuitazama. Rafiki yangu, hakuna cha kutazama. Kuna benchi la chuma linalounguza makalio, mashine ya tiketi, na spika inayoamuru watu wasogee nyuma ya mstari hata pasipo na mtu. Kuku wa kwetu Kenya wana banda lenye heshima kuliko hapo.

Nilikuwa mtoto nyanya alipokuja kutoka Kenya kutulea, mama akishinda kazini hospitalini. Siku ya kwanza alimtafuta stesheni masta amsalimie. Alipoambiwa hayuko, wala hajawahi kuwako, alisonya. Stesheni bila mtu wa kupokea wageni, akasema, ni aibu ya mji mzima. Basi kila jioni alijifunga leso, akabeba thermos ya chai ya maziwa yenye tangawizi, akanishika mkono, akaenda kuwapokea yeye mwenyewe.

Wageni wenyewe walimpita kama nguzo. Siku nyingi chai ilirudi imepoa, tukainywa sisi. Halafu akashuka Mkongomani mmoja aliyefanya kazi kwenye maghala, akasimama.

"Mama, unangojaka nani hapa?"

"Nakungoja wewe. Kaa unywe chai."

Akakaa. Tangu siku hiyo akawa mtu wa vikombe viwili, na nyanya akawa anarudi nyumbani akiimba.

Mama mmoja wa kanisani kwetu aliyaona hayo kupitia kioo cha gari lake, gari kubwa kama kanisa lenyewe. Hakusimama. Watu wetu hawakanyagi stesheni, wasije wakadhaniwa hawana gari. Jumapili akaiombea familia yetu kwa sauti, akisema bibi yetu anaombaomba kwenye treni. Mama yangu alilia kwa aibu, akamkataza nyanya kutoka. Nyanya hakubishana. Alikaa mbele ya televisheni asiyoielewa, kisha akaomba arudishwe kwao.

Jioni ya kumpeleka uwanja wa ndege tulipita pale. Treni ilishaondoka, na yule Mkongomani alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi, akitazama upande wa nyumba zetu. Nyanya akamwomba mama asimame kidogo. Mama akasema tutachelewa.

Hatukuchelewa. Tulifika mapema mno.

Nyanya alishafariki. Kanisa letu sasa lina kamati ya kukaribisha wageni, yenye fulana na beji, na inasimama mlangoni pa maegesho ikitabasamu. Sijawahi kuiona ikimngoja mtu anayekuja kwa miguu.