Maji ya Kumwosha Mtoto Kinango

Nilihamia Kinango mwaka uleule bendera ilipobadilishwa, na wapo waliosema nimefuata Uhuru. Sikufuata Uhuru wowote. Nilifuata nazi. Msambweni nilikuwa mkwezi, nikipanda minazi ya watu tangu ndevu hazijaniota, nikawa naona malori ya ng'ombe yanateremka kutoka Kinango yamejaa na kurudi matupu. Kule kukavu hakuna mnazi hata wa dawa. Basi nikapakia magunia ya nazi, mke wangu akakaa mbele na mtoto wetu wa kike mapajani, tukaenda. Nikapata kibanda karibu na mnada wa ng'ombe. Skuli mimi sikuingia, na chuo cha Kurani nilitoka kwenye juzuu ya mwanzo. Lakini kibanda kile nilikiezua makuti nikakiezeka mabati, na mabati nilinunua mwenyewe.

Ambacho sikuuliza ni maji. Mtu wa pwani haulizi maji. Kwetu kisima kiko uani, unateka, unaoga, yanayobaki unamwaga. Kinango kulikuwa na bwawa moja, watu na ng'ombe pamoja, na kiangazi kikizidi wanawake walishuka mtoni kusiko na mto, wakafukua mchanga, wakakaa kungoja maji yajikusanye kidogo kidogo wayachote kwa kata.

Jirani yangu pale mnadani alikuwa bibi wa Kiduruma muuza vyungu, mwenye hando lake la marinda kiunoni na ushanga. Kila nikienda nyuma ya kibanda kutawadha alinitazama. Nikishampa shikamoo yake, huwaambia wenzake, na mimi nisikie:

"Mtu wa minazi ameinyeshea tena miguu. Sijui itaota lini."

Wanacheka. Nami namwambia miguu ni yangu na maji ni yangu. Ndivyo tulivyozoeana.

Kiangazi cha mwaka wa pili mtoto akashikwa na homa. Dawa tulipewa, tukamnywesha, na maji yaliyokuwa mtungini yakaisha kwa kumpoza mwili. Alfajiri ya siku ya mnada akafa. Sikulia. Nilikaa nikaziangalia nazi, nikaanza kuzitenga zilizochipua na zisizochipua. Sijui kwa nini. Mikono ilitaka kazi, nikaipa.

Mwalimu wa chuo, naye mtu wa kwetu pwani, alikuja akachungulia mtungi. Bwawa wakati huo lilikuwa tope tupu. Akasema sheria imeruhusu: pasipo maji, maiti, kama mwenye kuswali, hupanguswa uso na mikono kwa vumbi safi, akaswaliwa, akazikwa. Nikasema sawa. Hapo ndipo mke wangu aliposema.

"Mwanangu hapakwi vumbi. Vumbi atalikuta kaburini."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Akasema maiti hacheleweshwi, lakini atangoja mpaka alasiri. Nikachukua debe nikatoka.

Tangi la ofisi ya chifu lilikuwa na kufuli. Askari aliligonga kwa rungu nisikie linavyolia, likalia tupu. Mwenye mkahawa alikuwa hajawasha jiko, naye hana maji. Dereva mmoja wa lori alinipa maji aliyoweka kwa ajili ya injini, nikaona mafuta yanaelea juu, nikamrudishia. Nikawa narudi na debe langu jepesi katikati ya ng'ombe na kelele za mnada, na yule bibi wa vyungu akaniuliza mbona leo sijafungua. Nikamwambia kama ninavyotaja bei ya nazi: mtoto amekufa, na sina maji ya kumwosha.

Hakunipa pole. Aliuliza tu kama maji ya kunywa hayafai kwa kazi hiyo. Nikasema yanafaa. Akavifunika vyungu vyake gunia, akaondoka. Nikadhani nimemchosha.

Adhuhuri imekwisha kupita nikawaona wanakuja, yeye mbele na wanawake wenzake nyuma, vibuyu kichwani. Hayo ndiyo waliyokuwa wameyachota mchangani kwa sima ya nyumba zao. Nilijua, nao walijua kuwa najua. Alimimina yake ndani ya debe langu, rangi kama chai ya mkandaa isiyo na maziwa.

"Haya, mtu wa minazi," akasema. "Mwosheni. Na miguu msiisahau."

Nikayachuja kwa kitambaa cha kuchujia tui, kipya, hakijaguswa na nazi. Mke wangu na mke wa mwalimu wakamwosha. Tulimzika jua bado liko juu. Wanawake wa mahando walisimama mbali, hawakujua kama wanaruhusiwa kusogea, na mimi sikuwaambia.

Shemeji yangu alifika baadaye na lori kutoka Msambweni. Alimwambia dada yake akusanye vyombo, nyumba ya wazee ipo na kisima kipo.

"Kaka," mke wangu akamjibu, "mwanangu ameoshwa kwa maji ya kunywa ya watu wa hapa. Nitaondokaje?"

Shemeji alinitazama mimi. Kisha akarudi kwenye lori. Hakunywa hata chai, maana maji ya kuipikia hayakuwepo.

Mnada uliofuata nilifungua. Ilipoingia adhuhuri nikaenda nyuma ya kibanda, nikapiga viganja chini, nikapangusa uso, nikapangusa mikono. Bibi wa vyungu alikuwa ameshageuka kunitazama kama kawaida yake.

"Leo miguu hukuinyeshea," akasema.

"Leo la," nikasema.

Wenzake hawakucheka. Nikaendelea hivyo kiangazi chote, na mwalimu akiniona alipita tu. Mvua ilipokuja ilikuja nyingi. Niliweka debe chini ya mabati yangu likajaa mpaka likamwagika. Adhuhuri ikaingia, nikainama pembeni ya debe lile limejaa, na viganja vikaenda chini vyenyewe. Vikarudi na tope.