Glavu Nyeupe za Maziko ya Koko

Siku ninayoikumbuka kuliko zote nilizopitisha katika karakana ya babu yangu hapa Bunia ni siku ambayo hakuna aliyetakiwa kufanya kazi. Tulikuwa tunamzika bibi yetu, ambaye wajukuu wote tulimwita Koko.

Nakuandikia habari yake, mwanangu, kwa sababu mama yako, dada yangu, amenionyesha kwenye simu picha uliyompelekea kutoka kwa fundi anayekufundisha useremala. Umesimama mbele ya msumeno wa meza, mkono juu ya ubao, umevaa glavu mpya za ngozi, unacheka. Mama yako alifurahi sana. "Yaya," akaniambia mimi kaka yake mkubwa, "ona namna mutoto anajichunga!" Sikutaka kumharibia furaha. Nilirudi kwangu, nikakaa kuandika. Mimi ni mtu wa kuandika makala, na dawa pekee niliyo nayo nyumbani ni maneno mengi. Basi yavumilie, maana mchelea mwana kulia hulia yeye.

Koko hukumjua. Alikuwa mfumaji. Alizaliwa Kpandroma, kule juu ambako ukungu wa asubuhi hukaa shambani kama mgeni asiyejua kuaga, na baridi ile ndiyo iliyomfundisha kushika sindano za kufumia. Alitufumia sweta, kofia na soksi. Glavu, kamwe. Niliwahi kumwomba nikiwa mtoto, tulipokuwa tukienda kuwasalimia ndugu zake huko. Alinitazama kama mtu niliyemtukana. "Mukono iko na mufuko yake," akasema, akaniongezea mfuko kwenye sweta. Nilidhani ni ubahili wa sufu.

Alipofariki nilikuwa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, Kisangani. Nilifika msibani na suti ya kuazima, tai iliyonishuka hadi chini ya mkanda, na elimu iliyonijaa hadi shingoni bila kupanda zaidi ya hapo. Nikachaguliwa kuwa miongoni mwa wabebaji wa jeneza. Shangazi Jeanne, aliyeuongoza msiba kama jemadari, alitugawia glavu nyeupe za pamba, kama desturi yetu ilivyo.

"Asizitoe mutu mupaka tumufikishe ku kaburi," akatuonya. "Na nikiona doa, tutaonana."

Jeneza alilitengeneza binamu yangu Floribert, aliyekuwa ameachiwa karakana, kwa mbao nzuri za libuyu. Lakini mvua ilikuwa imenyesha, bati likavuja, na mfuniko ukavimba upande mmoja. Wakati wa kufunga ulipofika haukuingia. Ulizidi kidogo tu, unene wa kamba ya kiatu. Mchungaji akatazama saa yake. Shangazi akanitazama mimi. Floribert alikuwa barabarani akielekeza gari la maiti lirudi nyuma hadi uani.

Nikajiona mwanamume wa siku hiyo. Likizo zangu zote za utotoni nilizimalizia kwenye karakana ile, na mashine niliijua. Nikaubeba mfuniko, nikapita nao mbele ya turubai walipoketi wazee. Babu Zakaria alikuwa kwenye kiti chake cha mfiwa. Katika ukoo wetu, aliyefiwa na mke hainuki pale hadi maziko; hata kusalimia, watu humjia yeye. Nikamwona akizitazama glavu zangu. Nikadhani anazisifia weupe.

Karakanani nilivuta kamba ya jenereta iliyokuwa pale mlangoni, ile tunayoiita grupu. Ikanguruma. Nikawasha msumeno, ukaanza kuimba. Nikaulaza mfuniko mezani na kuanza kuusukuma kwa mikono yangu myeupe, tai ikining'inia mbele yangu kama ulimi wa mbuzi aliyechoka. Mbao haijagusa meno bado, grupu ikazimika.

Nikageuka. Babu alikuwa mlangoni, miguu mitupu, mkono juu ya grupu. Alikuwa ameinuka kwenye kiti.

Msumeno uliendelea kuzunguka peke yake, ukilalamika, ukipungua. Hakusema neno hadi uliponyamaza kabisa.

"Leta mukono."

"Babu, Shangazi amesema tusizitoe..."

"Shangazi yako atasukuma mbao pamoya na weye?"

Akanivua glavu mwenyewe, kidole baada ya kidole, kama anavyovuliwa mtoto nguo zilizolowa. Nikajitetea, maana mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hajui kunyamaza.

"Lakini Babu, gants," nikaziita glavu kwa Kifaransa, "inachunga mukono."

"Inachunga juu ya miiba. Inachunga juu ya baridi. Paulo unamukumbuka?"

Paulo alikuwa mdogo wake. Mkono wake wa kulia uliishia kwenye kifundo. Sisi watoto tuliambiwa ni ajali ya mashine, basi, tusiulize.

"Tulikuwa kule Kpandroma, tunapasua mbao ya kanisa," Babu akasema. "Asubuhi, baridi ya kukata masikio. Paulo akavaa gants ya sufu. Jino ya musumeno ikakamata uzi moja. Uzi moja, mujukuu wangu! Kama ilikuwa mukono mutupu, labda angekatika kidole, angeruka, angelia, tungemufunga. Lakini uzi ikavuta gants, na gants ikavuta mukono. Mimi nilikuwa karibu yake kama weye uko sasa. Sikuwahi hata kuita jina yake."

Akazikunja zile glavu nyeupe, moja ndani ya nyingine.

"Ile gants, Koko yako njo alizifuma. Alimuhurumia juu ya baridi. Paulo hakumulaumu hata siku moja. Lakini yeye, kila mara Paulo anakuya kutusalimia, alikuwa anaingia kwanza ku jikoni, analia, ananawa uso, njo anatoka." Akautazama mfuniko. "Amekufa na ile maneno mu roho. Usimuongezee ingine leo."

Kisha akatoa randa ya mkono ukutani, akapuliza vumbi lililokuwa kwenye makali yake.

"Babu, leo haufae kufanya kazi. Watu watasema."

"Batasema. Weye shika."

Nikaushika mfuniko kwa viganja vitupu, naye akauranda ubao wa mke wake. Hakuharakisha. Kila alipovuta pumzi niliuhisi ubao ukitulia, na kila aliposukuma niliuhisi ukitetemeka hadi mabegani mwangu. Maranda yalimwangukia miguuni. Sauti ile ikafika chini ya turubai, na kwaya ikakatiza wimbo katikati.

Mfuniko uliingia.

Tulipoinua jeneza, Shangazi Jeanne aliona mikono yangu. "Hii njo banafundisha kule Kisangani? Kubeba mama mikono mitupu?" Babu, aliyekuwa nyuma yetu, akajibu kwa upole: "Mimi njo nimemutoa gants." Shangazi akatuashiria twende. Kaburini wenzangu walivua glavu zao na kuzitupa juu ya jeneza, kama ifanywavyo. Zangu alizitupa Babu. Alizishika kwanza kwa muda, halafu akaziachilia zishuke kwa Koko.

Mwanangu, methali inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Haikutaja vidole, pengine kwa sababu walioitunga hawakuwa na grupu. Nami sikuwa mkaidi siku ile, wala Paulo hakuwa. Hapo ndipo penye hofu yangu. Hatukuikaribia mashine kwa dharau. Mmoja alikuwa na baridi, mwingine alikuwa na heshima. Msumeno hauulizi umevaa kwa nia gani.

Kwa hiyo glavu zako usizitupe, ni nzuri. Zivae unapopakua mbao kwenye gari na unapobeba magogo yenye miiba. Lakini kabla hujakiwasha chochote kinachozunguka, zivue, na uzitundike mbali, usiziweke hata juu ya ile meza. Vua na saa, na bangili, na ile pete aliyokupa mchumba wako, atakusamehe. Mikono mirefu ya shati ikunje juu ya kiwiko, na kama umetoka kanisani na tai, usiwe kama mimi. Ubao ukikaribia kwisha, usimalizie kwa kiganja; chonga kijiti cha kusukumia, na kiwe karibu yako daima. Usisimame nyuma ya ubao moja kwa moja, simama pembeni, kwa sababu msumeno hupenda kurudisha ulichoupa. Kipande kikikwama, zima, kisha ngoja hadi unyamaze kabisa, kama Babu alivyongoja na hasira yake yote mdomoni. Na watu wakikuhimiza, hata awe mchungaji mwenye saa mkononi, wakumbushe kwamba marehemu hana haraka. Randa iko ukutani.

Mvulie glavu na yule atakayekuja kujifunza baada yako. Usimpigie kelele mashine ikiwa inazunguka, atashtuka. Zima kwanza.

Mungu wa babu zako aibariki mikono yako, aipe kazi na chakula, aifiche na kila jino linalozunguka. Ijenge milango ya watu watakaokuombea mema kila wanapoingia kwao. Na siku yangu itakapofika, uje kunibeba. Ukitaka uvae glavu nyeupe, ukitaka usivae. Hilo mtapatana na mashangazi. Mimi naomba tu nibebwe kwa mikono yako yote miwili.