Tope la Chini ya Daraja

Fundi cherehani wa pale darajani watu walimwita Mama Kalamu, kwa sababu kila mwaka yeye ndiye aliyesaini karatasi ya kusafisha mto. Utaratibu wenyewe ni huu: kabla ya mvua kubwa, vibarua wa ofisi ya mji wanakuja na makoleo, wanachimba tope chini ya daraja, kisha mkazi mmoja anasaini kwamba kazi imekamilika. Walimchagua yeye kwa kuwa mlango wake unatazamana na daraja.

Miaka minne alisaini bila kuuliza. Tope walilichimba kweli, na jasho liliwatoka kweli. Ila walilirundika pale pale ukingoni, wakapiga picha, wakaenda zao. Mvua ya kwanza tu, tope lote likashuka tena mtoni kama lililosahau kitu. Maji yakakosa pa kupita, yakaingia vyumbani.

Mwaka jana yalimfika kiunoni. Alimpandisha mjukuu wake wa miezi minane juu ya kabati, akasimama kutwa nzima kamshika mguu. Mtoto alicheka, akidhani ni mchezo. Wiki ile ile bwana mmoja akasema redioni kwamba mvua imezidi. Mvua! Kwani mvua ndiyo iliyoliacha tope ukingoni?

Mwaka huu msimamizi wa vibarua akaja na karatasi yake.

"Mama mkwe, weka sahihi tukapumzike."

"Binti yangu ana mume wake. Lile rundo linakwenda wapi?"

"Haliendi popote. Sisi tunachimba. Kubeba ni idara nyingine."

"Na hiyo idara ilikuja lini mara ya mwisho?"

Kibarua mmoja akacheka, kisha akajikohoza.

Msimamizi akampigia mkubwa wake, akampa mama simu.

"Mama, kwani wewe ni mhandisi?"

"Mimi ni fundi nguo, baba. Nikikukatia suruali, vipande nikakukabidhi mkononi, nikakwambia kuunganisha ni idara nyingine, utaivaa?"

"Saini tu mama, lori litafuata."

"Lori litangulie. Sahihi ndiyo itafuata."

Akarudisha simu, akavuta kigoda mlangoni, akampakata mjukuu. Maisha yake yote hajawahi kumkatalia mtu wa ofisi. Lakini akimtazama yule mtoto, na kidole chake kimoja mdomoni, hasira ilimpanda upya. Miaka minne wamemfanya shahidi wa uongo, tena uongo wa kumzamisha mwenyewe!

Vibarua wakajilaza kivulini. Bila sahihi, hakuna ruhusa ya kuondoka.

Saa tisa alasiri lori likaja, moja, kuukuu, linapiga kelele kama mashine ya kusaga. Likabeba safari mbili. Kisha dereva akatazama wingu, akasema muda wake umekwisha. Ukingoni likabaki rundo la kufika magotini.

"Haya mama, umeshinda," msimamizi akasema. "Saini sasa."

Mama Kalamu akalitazama rundo, akaisoma karatasi polepole mpaka mwisho. Akakata neno "imekamilika" kwa mstari mmoja. Juu yake akaandika kwa herufi kubwa: NUSU. Ndipo akasaini.