Kabichi, ndizi na mtani wangu Shomari

Bado siamini. Jana nimekwama kwenye code, nikageuka kumuuliza Shomari, nikakuta kwenye kiti chake kuna begi la mtu mwingine.

Kwa msiomjua: Mluguru wa Mgeta, programmer, tulikaa meza moja hapa Morogoro mjini. Mimi Mnyamwezi, mtani wake, kwa hiyo hata kwenye msiba wake nina ruhusa ya kumsema. Jamaa alikuwa bahili! Hata mafaili aliyabania.

Mimi code nimejifunzia kwenye video za bure, na video zilinifundisha kufunika. Kila class, yaani kipande cha code, niliivisha wrapper ya kuifunika, na wrapper nayo nikaivisha nyingine. Package ndani ya package. Mgeni akiingia, anahitaji mwenyeji wa kumtoa.

Shomari akikagua code yangu, anaandika neno moja: "Kabichi."

"Kabichi ndiyo nini, mtani?"

"Unabandua jani, unakuta jani. Mwisho unabaki na kikonyo, na wageni wana njaa."

Halafu huyohuyo akang'ang'ania wrapper moja ibaki, pale tunapotuma meseji za bei za mazao kwa wakulima. Nikamrukia: "Kumbe na wewe muuza kabichi!"

"Hiyo ndizi, Mnyamwezi. Ganda moja, ndani chakula. Kampuni ya meseji si shamba letu. Wakitugeuka, tunabadili ganda tu."

"Ndizi gani hiyo inabadilishwa ganda?"

Alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Tumerudi tu kutoka kumzika, kampuni ya meseji ikabadili mitambo. Meseji zikakatika. Bosi akasema, "Aliyeijua hiyo code hatunaye. Futeni, tuanze upya."

Mungu wangu! Tumemzika juzi, tumzike tena?

Nikaomba nipewe mpaka jioni. Nikafungua ganda lake, ile wrapper ya meseji, nikalisoma kama namsikia anaongea. Nikabadili faili hilo moja, mengine sikuyagusa. Meseji zikaenda.

Simu ikaita. Mama yake Shomari, kutoka Mgeta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Imeingia meseji ya bei ya kabichi. Kumbe kazi ya Shomari bado ipo?"

"Ipo, mama."

"Haya. Basi hii simu siizimi, meseji zake zisinipite."

Mtani, majani yangu nimeanza kuyabandua, moja moja. Ganda lako nimeliacha.

Lala salama, Mluguru. Unasomeka.