Bafu Tulilomjengea Mama Ndilo Lililomfukuza

Mwenye ukurasa, nakuomba ulifiche jina langu na la shamba tunaloishi, maana huku Rongai gazeti moja husomwa na watu ishirini. Nina miaka thelathini na moja na watoto wanne. Mume wangu ni fundi wa mawe kwa mzungu, na kwa sababu ya kazi yake tulipewa nyumba ya mawe yenye kistoo cha makaa nyuma. Mimi ni mtu wa maneno mengi, hata mume wangu hunitania kwamba nilizaliwa nikiongea. Lakini neno moja limenishinda kusema miezi mitatu sasa.

Mama yangu ni mjane na sina ndugu. Miguu ilipomvimba nilimleta hapa, akawa analala kwa mama mmoja jirani, kwa sababu kwetu mama mkwe halali nyumba moja na mkwe wake, wala haogi mahali mkwe anapoogea. Mabafu ya wafanyakazi yako kule chini mtoni na wanaume wote huogea huko, mume wangu akiwemo. Mama angeogea wapi? Mume wangu mwenyewe ndiye alisema, tumpe kile kistoo.

Kilikuwa hatua mbili kwa moja na nusu, basi. Alichora sakafuni kwa kipande cha makaa: hapa kiti cha mawe pembeni, hapa karai, hapa tundu la kutolea maji kwenda kwa mboga. Nilimsumbua jamani! Kiti kiko juu sana, karai litamgonga goti, dirisha litamwonyesha kwa wapita njia. Alikibomoa kile kiti mara mbili bila kununa. Sakafu akailaza kidogo upande wa tundu ili maji yasisimame. Mama alipoingia mara ya kwanza alikaa humo hadi maji yakapoa, nikamsikia anaimba.

Wiki ya pili akateleza, akaangukia mlango. Mlango ulikuwa unafunguka kwa ndani na komeo limefungwa. Mume wangu alisimama nje akiniita kwa sauti, kwa sababu hawezi kuingia alipo mama mkwe hana nguo, mpaka nilipofika mbio kutoka shambani nikapita dirishani. Siku hiyo hiyo nilimwambia ageuze mlango ufunguke kwa nje, na komeo alitoe kabisa. Alisema mlango bila komeo si mlango. Nikamwambia humo anaoga mtu mmoja tu, komeo la nini? Akalitoa.

Sasa nisikilizeni. Jumapili moja ya mvua mume wangu alirudi kutoka kuziba tangi la bwana mkubwa, amejaa simiti hadi masikioni, na homa juu. Nikamhurumia. Nikamwambia asishuke mtoni, aoge kwa mama, mama yuko kanisani mpaka saa nane. Alikataa. "Pale ni kwa mama," akasema. Nilimsukuma kwa maneno mpaka akaingia. Mimi nikarudi jikoni kuchagua maharagwe, huku nikimfokea moyoni jirani aliyechukua ungo wangu.

Mama akarudi mapema, amelowa. Alisimama mlangoni pa jikoni akauliza kama kuna maji ya moto. Sikuinua hata kichwa, mawazo yote kwenye ungo wangu. Nilimjibu, "Iko, mama, enda tu."

Akaenda. Akafungua.

Alifunika uso kwa leso, akapita kando ya nyumba akishika ukuta, na kesho yake akapanda lori la maziwa kurudi kwetu. Mume wangu hakula siku mbili. Yeye anaamini mama alijua kuna mtu akafungua kwa dharau. Mama naye anaamini mkwe wake alimnyang'anya bafu ili amfukuze. Mume wangu hajui kwamba mimi ndiye nilimtuma mama. Mama hajui kwamba mimi ndiye nilimwingiza mume wangu. Wote wawili waliniuliza, nami, mwenye mdomo wote huu, nikasema sijui.

Wazee wa kwetu wamesema kondoo achinjwe kuondoa aibu hiyo, lakini kwanza aliyekosa aseme kwa kinywa chake mbele ya wote. Mama anasema hana kosa. Mume wangu anasema hana kosa. Ni kweli, hawana. Na mume wangu ameapa kwamba akijua kuna mtu aliyemchezea aibu ile, mtu huyo hatalala kwake tena. Nikinyamaza, nampoteza mama. Nikisema, pengine nalala nje na watoto wangu.

Juzi dereva wa lori ameniletea habari kwamba mama haamki tena kitandani, na chakula ninachomtumia kutoka hapa hagusi. Mama alimtuma dereva huyo aniambie hivi: "Mwambie mwanangu sina neno naye. Yeye peke yake ndiye hakunikosea."

Tangu nisikie hayo sijalala. Nyinyi mlio na wazazi, na nyinyi mlio na waume, nishaurini. Nifanye nini kabla mama hajafa akinishukuru?