Maoni ya Mista Ram

Nilimjua Budhan Ram kwa miaka thelathini na minane, na kwa ishirini na sita kati ya hiyo nilimsikia akipingana na watu kila Jumamosi. Alikuwa mshona viatu. Kisanduku chake kilikaa kwenye lango la mahakama hapa Bhagwatganj, upande wa jua, kwa sababu upande wa kivuli ulikuwa wa wauza tambuu. Mji mzima ulimwita Budhna. Kwetu jina likipindwa namna hiyo, mwenye jina anajua amewekwa wapi, na anayemwita hana haja ya kuongeza tusi.

Jumamosi saa kumi na moja jioni alifunga kisanduku, akasugua mikono kwa majivu, akapanda ngazi hadi chumba kilichokuwa juu ya duka la dawa la Daktari Sanyal. Huko juu aliitwa Mista Ram.

Daktari Sanyal alikuwa Mbengali mwenye vidonge vitamu vilivyotibu kila ugonjwa nusu nusu. Ndiye aliyeanzisha kikao chetu cha kuzungumza Kiingereza. Sheria zake zilikuwa chache. Ukikanyaga ngazi ya kwanza, ni Kiingereza tu. Ukitaka kumpinga mwenzako, kwanza ueleze maoni yake mpaka mwenyewe akiri kwamba ndivyo alivyosema, kisha uombe ruhusa, ndipo utoe yako. Na aliyepandisha sauti aliwachemshia chai wote.

Budhan alijifunza Kiingereza kwenye magazeti ya zamani aliyofungia viatu. Siku moja Daktari alimsikia akisoma kwa sauti habari ya bei ya juti huku anamshonea kanda ya kiatu chake, akamwambia aje Jumamosi. Wanachama watatu wakajitoa, hawakutaka kukaa na mshona viatu. Daktari alisema tu, "Nafurahi, viti vimepatikana." Mimi nilikuwa fundi saa niliyeacha shule darasa la tano, na kimoja cha viti hivyo ndicho nilichokalia mimi.

Vijana hawaelewi ninapowaambia kwa nini ilikuwa lazima iwe Kiingereza. Wanadhani tulikuwa tunawaiga Wazungu. Katika lugha yetu, kabla hujampinga mtu inakubidi kwanza umwite, na namna za kumwita zimepangwa kama vyungu, kikubwa chini, kidogo juu. Mtu wa akina Budhan akifungua kinywa mbele ya mtu wa akina Singh, neno la kwanza linamwinamisha mgongo. La pili linatoka akiwa tayari ameinama. Katika Kiingereza hakimu ni "wewe", na mshona viatu ni "wewe". Hilo tu. Wengine walikitafutia kazi za ofisini. Budhan alikitafutia mahali pa kusimama.

Nakumbuka jioni tuliyojadili karamu za harusi. Wakili Kamleshwari Singh alikuwa ametoka kumwoza binti yake kwa kulisha watu elfu tatu. Budhan alikunja mikono magotini.

"Mista Singh, kama nimekuelewa, unasema karamu kubwa ni heshima kwa bibi harusi. Nimekueleza kwa haki?"

"Kwa haki kabisa, Mista Ram."

"Basi, kwa ruhusa yako, mimi naliona tofauti kidogo. Nachelea kwamba heshima hiyo wanaila wageni, na bibi harusi anabakia na vyombo vya kuosha."

Chumba kikaangua kicheko. Wakili akapiga meza, akapayuka, na kila mtu akamwonyesha jiko. Akachemsha chai kwa mkono wake mwenyewe, mtu ambaye nyumbani kwake hajawahi hata kuibeba, akampa Budhan kikombe. "Una hoja, Mista Ram," alisema. "Sikubaliani nawe, lakini una hoja."

Halafu tukashuka. Kwenye ngazi ya mwisho Wakili akasema kwa lugha yetu, "We Budhna, baiskeli yangu ina matope." Budhan akaifuta. Niliona kwa macho yangu, wala sikuona ajabu yoyote.

Daktari alipofariki, mwanawe alikikodisha chumba kwa wauza simu. Siku hizi mji una shule nne za Kiingereza, na zote zinafundisha watoto kuongea haraka. Kila mtu ana maoni, anayatema kama mate ya tambuu, popote yatakapoangukia. Kusikiliza hakumo kwenye masomo.

Mwaka juzi Ranvijay, mwana wa Wakili, alianza kujenga ukumbi wa harusi kwenye shamba lao la matunda ya malichi. Kati ya mtaa wa akina Budhan na barabara kuu kulikuwa na njia moja tu ya kupita rikisha, na ilikatiza pembeni mwa shamba hilo. Ranvijay alitaka kuiziba kwa ukuta. Kwa upande wa pili mtaa ule umepakana na tuta la reli, na huko mtu hupanda mawe kwa miguu na mikono. Sonmati, mke wa Budhan, alikuwa amepigwa na kiharusi. Upande wake wa kushoto haukuwa na kazi. Mara tatu kwa mwezi rikisha ilimfuata mlangoni kumpeleka hospitali. Ukuta ukijengwa, rikisha haifiki.

Ofisi ya serikali mjini ikabandika tangazo: yeyote mwenye maoni juu ya ukuta huo afike Alhamisi saa nne.

Budhan alikuja mbio kwenye kibanda changu, karatasi mkononi, amelinakili tangazo neno kwa neno. "Wameandika maoni, Mista Sahay! Hawakuandika malalamiko. Hawakuandika maombi. Maoni!"

"Nimeona."

"Basi kazi hiyo naiweza."

Alijitayarisha siku tisa. Jioni nilikwenda kwake nikajifanya Ranvijay, yeye akanipinga kwa adabu kutoka upande huu na ule. Sonmati alitutazama kutoka kwenye kitanda chake cha kamba, mdomo umepinda upande mmoja, ulimi mzima.

"Lala-ji, mtazame rafiki yako," aliniambia, kwa jina la heshima alilozoea kuniita. "Anagombana na ukuta ambao haujajengwa."

"Nyamaza, mama Phulo, unanipotezea maneno."

"Yapotee! Miaka yote hiyo umeongea na mabwana, hata mfupa wa samaki hujaniletea. Mwambie tu mwanaume yule, mke wangu ni kiwete, acha njia. Maneno manne."

"Ndivyo nitakavyosema. Lakini kwa mpangilio."

"Haya, panga. Mimi nipo hapa, siendi popote."

Tulicheka wote watatu.

Alhamisi alivaa kurta, kanzu yake fupi, aliyoifua mara mbili. Katika ukumbi wa ofisi, afisa alikuwa msichana mdogo kutoka jimbo la mbali, mwenye macho ya huruma. Ranvijay alikaa mstari wa mbele na watu wake. Baba yake, Wakili, alikuwa pembeni kwenye kiti cha magurudumu, shali mabegani, akili yake siku hizi inakuja na kuondoka. Jina la Budhan likaitwa. Akasimama wima kabisa, akaanza kwa Kiingereza.

"Mheshimiwa Afisa, kama nimeelewa sawasawa, Mista Ranvijay Singh anasema ukumbi wake utaleta kazi mjini, na kwamba njia ile imo ndani ya ardhi ya baba yake. Naomba athibitishe kwamba nimemweleza kwa haki."

Kisha Ranvijay akajipiga paja. "Yaa! Sikieni, Budhna kawa gavana!" Ukumbi ukacheka. Mtu nyuma akapaza sauti, "Mheshimiwa Gavana, kiatu changu kimeachia soli!"

Katikati ya kicheko ikasikika sauti nyembamba kutoka kwenye kiti cha magurudumu, Kiingereza safi cha mahakamani. "Umeeleza kwa haki kabisa. Endelea, Mista Ram."

Budhan akageuka. Uso wake siwezi kuusimulia. "Ahsante, Mista Singh. Basi, kwa ruhusa yako, mimi naliona tofauti."

"Baba hayuko sawa, madam," Ranvijay alisema. "Msimsikilize."

Afisa akainua mkono. Alisema kwa upole, nami sitamsingizia, alikuwa na nia njema. "Babu, usijitaabishe. Serikali inataka kila mwananchi ajisikie huru. Ongea lugha ya mama yako. Mwelekee huyu bwana umwambie lililo moyoni."

Budhan akamwelekea Ranvijay. Kijana wa miaka arobaini, ambaye Budhan ndiye aliyemshonea viatu vyake vya kwanza vya shule. Nilimwona anatafuta neno la kuanzia. Kinywa kilifunguka, kikafungwa. Kisha mabega yakashuka, viganja vikakutana kifuani.

"Bwana mkubwa," alisema, "nyinyi ndio baba zetu na mama zetu. Tumekula chumvi yenu. Mtakalofanya ni jema. Ila yule mama watoto... kama huruma yenu ingetutazama..."

"Tutatazama, tutatazama," Ranvijay alijibu, na kwa kweli alikuwa amelainika. Anapenda kuombwa.

"Kwa hiyo, babu, huupingi ukuta?" Afisa aliuliza.

"Mimi ni nani nipinge, mama?"

Nikasimama. Nikasema kwamba mtu huyu anapinga, amekuwa akipinga siku tisa. Afisa akaniuliza, "Wewe unakaa mtaa ule?" Nikasema hapana. "Basi umemsikia mwenyewe." Nilikuwa na mengine ya kusema. Watu wa Ranvijay wakanigeukia, nikakaa.

Karani akaandika: Budhan Ram, mkazi, hana pingamizi. Kisha, bila kuuliza, akafungua kibweta cha wino, akamshika kidole gumba. Mtu aliyesoma magazeti ya Kiingereza kwa miaka arobaini alimwachia karani kidole kama mtoto anayekatwa kucha.

Ukuta ulikamilika kabla ya mvua. Mara mbili vijana wa mtaani walimbeba Sonmati kitandani juu ya tuta la reli, wanateleza kwenye mawe, mmoja anachungulia treni. Mara ya tatu alikataa. "Sibebwi tena kama maiti ilhali naona," alisema. "Niacheni." Budhan alimbembeleza, akamkaripia, akalia. Sonmati alikuwa na maoni yake, na hakuyazungushia ruhusa yoyote. Hakutoka tena. Mkono wa kulia nao ukaanza kulegea.

Nilikwenda kuwaona mwezi wa Magh, wakati wa baridi, nimepanda tuta kwa magoti yangu ya miaka sabini na mitano. Budhan alikuwa anamlisha uji wa unga wa dengu kwa kijiko.

"Niambie kitu kimoja," aliniuliza, bado kwa Kiingereza siku ile. "Miaka ishirini na sita. Kuna jambo hata moja la mtu yeyote lililobadilika kwa sababu nilisema?"

Nikasema yapo. Akaniomba nitaje moja. Nikakaa nikifikiri, na yeye akaningojea kwa adabu aliyokuwa nayo siku zote, asinikatize, kijiko hewani. Nilikumbuka kicheko, nilikumbuka chai, nilikumbuka "una hoja" mamia ya mara. Uji ukapoa.

"Ahsante," alisema, akaendelea kulisha.

Juma lililofuata nilimkuta kwenye lango la mahakama. Nikamsalimu kama tulivyosalimiana siku zote, "Habari za jioni, Mista Ram." Aliweka sindano chini, akainuka kutoka kwenye gunia lake, akaunganisha viganja.

"Karibu, bwana mkubwa," alinijibu kwa lugha yetu. "Nikushonee nini?"

Nilimwambia akae. Nilimsihi. Nilimwambia mimi ni Sahay, fundi saa, si bwana wa mtu. Alitabasamu, akatikisa kichwa kukubali kila nilichosema, na akabaki amesimama mpaka nilipoondoka.