Herminda Oyarzo, Aliyewapandisha Wanawe Mashuani

Kwenye mdomo wa mto, kusini mwa Chile, hakuna aliyefuma sweta za sufu haraka kama Herminda Oyarzo. Mumewe, Baldomero, alisafirisha mbao kwa mashua. Walikuwa na Rosalba, wa miaka tisa, na Nolberto, wa minne. Waliishi pia na Zoila, mama yake Baldomero, ambaye miguu ilikuwa imemkatalia kutembea lakini mdomo haukumkatalia kitu.

Jumapili ile ya Mei, mwaka 1960, baada ya misa, Zoila alikuwa akiilalamikia supu ya viazi.

“Hii umeitia chumvi au umeiombea tu?”

“Nimepunguza, mama. Ulimi wako una chumvi ya kutosha.”

Baldomero alicheka hadi akapaliwa.

Mchana ardhi ikatikisika kidogo. Vikombe vikaanguka, wakatoka nje, Baldomero amembeba mamake mgongoni. Haikupita hata nusu saa, likaja tetemeko lenyewe. Herminda aliwalalia wanawe kwenye nyasi, akaona miti ikiinama hadi matawi yakafagia chini, na uwanja ukipasuka na kutema maji meusi. Kanisa la mbao likalala chini, kengele ikilia yenyewe.

Lilipotulia, hakuna aliyeiamini ardhi tena.

“Mashuani!” jirani yao Evaristo alipiga kelele. “Mashua haipasuki!”

Baldomero alisita. “Twende kilimani. Mama nitambeba.”

“Kilima kinaporomoka, huoni?” Herminda alimfokea, na kweli mawe yalikuwa yakishuka. “Peleka watoto kwanza. Mimi nakaa na mama mpaka urudi.”

Rosalba akaing'ang'ania sketi yake. “Mama, nataka kubaki na wewe.”

“Acha ukaidi! Mfuate baba.”

Akambandua vidole kimoja kimoja, akamsukuma.

Wakiwa ndiyo kwanza wamepanda, bahari ikaanza kuondoka. Haikuwa kupwa kwa kila siku. Maji yalikimbia kama yameitwa, mashua zikakaa kwenye tope, na watu wengine wakashuka kuokota kome huku wakicheka kwa woga.

“Maji yanakwenda wapi?” Zoila aliuliza, uso umempauka.

Herminda alipaza sauti hadi koo likamwuma: “Baldomero! Shukeni! Shukeni!” Upepo ulivuma kutoka baharini ukamrudishia maneno yake. Kisha akasikia ngurumo ya bahari ikirudi. Hakukumbuka kamwe kuamua chochote. Alijikuta yuko kilimani, anapanda kati ya mawe, bibi kizee mgongoni, mikono yake mikavu imemkaba shingo.

Alipogeuka, wimbi lilikuwa limeiinua mashua kupita mapaa. Baldomero alisimama ndani yake, Nolberto mabegani. Rosalba, Herminda hakumwona. Maji yaliipeleka bara kufuata mto, na yaliporudi, mashua ilikuwa imepinduka, tumbo juu.

Baldomero alipatikana siku ya tano, kwenye matete. Watoto hawakupatikana. Miezi miwili Herminda alitembea ufukweni kila alfajiri, akipindua magogo, akichambua mwani kwa mikono. Majirani waliomwambia ni mapenzi ya Mungu aliwatazama tu, akapita.

Nyumba zilizobaki hazikutosha, hivyo yeye na Zoila walipewa kibanda cha mabati. Zoila hakulalamikia chakula tena. Asubuhi moja Herminda, akimwosha miguu, alishindwa kuendelea.

“Mama, Baldomero alitaka kilima. Mimi ndiye niliyewatuma kule.”

“Nilisikia. Si nilikuwa pale pale?”

“Mbona hujawahi kunilaumu?”

“Nilipokuwa mgongoni mwako nilijua kwamba ungenitupa ungeweza kuwakimbilia. Nilitaka kukwambia unitupe. Sikusema, Herminda. Nilikukaba nisidondoke.”

Herminda aliweka beseni chini, akatoka. Alitembea hadi jua likawa utosini. Alitaka kumchukia yule mama kwa moyo wake wote, lakini kila alipojaribu aliona vidole vya Rosalba akivibandua. Akarudi, kwa kuwa kizee asingeweza kufika kitandani peke yake, akamwinua, akamlaza.

Waliishi hivyo miaka saba, hadi Zoila alipofariki. Serikali ikawajengea watu nyumba juu kilimani, Herminda akahamia huko. Hakuolewa tena. Kila ardhi ilipotikisika majirani walikimbilia barabarani wakimwita, “Bi Herminda, toka!” Yeye alibaki kitini, akingoja itulie.